Kiti Kirefu cha Gari la Bwana Nassor

Wiki ya kwanza ya kustaafu nilishona upya foronya zote za nyumbani kwangu. Wiki ya pili nikaanza kuyatazama makochi ya jirani kwa jicho baya. Ndipo binti yangu aliponiletea daftari, akaniambia wale vijana wa gereji wanataka niwaandikie mambo ya kazi, na afadhali nifanye hivyo kabla sijagombana na mtaa. Basi haya ni yenu nyinyi mlioachiwa chumba cha kushonea kule Wadi Kabir. Mshahara sitautaja, kwani hamtaamini. Cheo changu mnakijua, kilikuwa Bi Raya, na sikupandishwa wala kushushwa.

Nilianza kazi ya viti vya magari kabla sijawahi kukaa kiti cha mbele cha gari lolote. Tulikuja Maskati kutoka Unguja nikiwa msichana, na kwetu kiti cha mbele kilikuwa cha baba. Baba akiwa hayupo kilikuwa cha kaka, na kaka akiwa hayupo liliwekwa kapu. Kazi niliyoijua ni kofia. Mama alikuwa akishona kofia za viua, zile za vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, nami nilimsaidia tangu mkono wangu haujatosha kuikamata kofia nzima.

Siku moja akaja mnunuzi mrefu, mkimya, vidole vimejaa makovu madogo. Wateja wengine wakishika kofia hutazama nakshi. Huyu aliigeuza akatazama ndani, kule kwenye mafundo, akauliza nani kashona. Mama akasema ni binti yangu. Yule bwana akaeleza kwamba ana gereji ya kufufua magari ya zamani, na wanaume wake wanashona vizuri upande wa nje tu. Huyo ndiye Fundi Hamdan, ambaye nyinyi mnamjua kwa picha iliyopinda pale juu ya meza ya kukatia. Alikuwa wa Unguja kama sisi. Kule alishona viti vya teksi, na hapa Mungu akamfungulia mlango wa magari makubwa.

Siku yangu ya kwanza walinitengea ghala la rangi, wakatundika pazia mlangoni, wakaliita chumba cha wanawake, na wanawake wenyewe ndio mimi peke yangu. Mafundi wengine walikuwa watu wa Sindi, wa Kerala, wa Bangladeshi, wote wenye adabu iliyozidi kiasi. Walibisha ukutani, wakakisukuma kiti kwa ubao kikapita chini ya pazia, wakakimbia. Mimi nilidhani wamekosea wakaniletea kochi la sebuleni. Kilikuwa kiti cha gari la Kimarekani, kirefu cha kulala mtu na mwanawe, kimejaa vifungo kila baada ya shubiri moja.

Nilichukua sindano. Fundi Hamdan akasema nje ya pazia kwamba leo sishoni chochote, leo kazi yangu ni kuvunja. Nikavunja mpaka alasiri, na kila tabaka nililolitoa aliniamuru niliandike kwenye karatasi. Juu ngozi. Chini yake pamba ya kuchambuliwa kwa mkono, halafu kitambaa chepesi cheupe, pamba tena, gunia, na chini kabisa springi zilizofungwa moja moja kwa kamba yenye nta. Kila kifungo kilikuwa na uzi wake uliopita matabaka yote kwenda kushika springi. Ukikaza kifungo kimoja kuliko jirani zake, kiti kizima kinakunja uso. Niliporudi nyumbani mama aliniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia nimejifunza kwamba kuna watu walitengeneza kiti kama vile mwenye gari hatahitaji nyumba.

Nyinyi mmezoea sponji za kumimina kwenye kalibu, hamwezi kujua ile raha. Waliochora magari yale hawakuona haya kupenda starehe. Boneti lilikuwa refu hata pua ya gari ikafika kwa mwenyeji na mwenye gari bado yuko kwenye mataa ya barabarani. Bampa la kromu lilihitaji watu wawili kulibeba. Saa ya mshale ilitiwa kwenye dashibodi kama kwamba mtu mwenye gari lile ana haraka ya kwenda popote. Lakini kilichonivuta mimi ni mlango. Fundi Hamdan alikuwa akiufunga upande wa pili wa pazia na kusema, sikiliza. Ulitoa sauti moja nene, fupi, kisha kimya. Ndani ya bati walibandika lami na juu ya lami wakatandaza manyoya mazito yaliyoshindiliwa, na ukisahau kipande kimoja tu wakati wa kuurudisha, mlango utalia kama kifuniko cha sufuria. Nilipitisha mwaka mzima nikijifunza kusikia tofauti, na mpaka leo nikienda mahali siwezi kushuka kwenye gari la mtu bila ya kuusikiliza mlango wake na kumhukumu kimoyomoyo.

Wachoraji hao kitu kimoja hawakukijua, nacho ni mwezi wa saba wa Maskati. Jua letu linaipasua ngozi, linaikunja dashibodi, na gundi ya dari linaiyeyusha mpaka kitambaa kinamwangukia dereva juu ya kilemba. Ndiyo maana watu wetu wakawa na ile tabia ya kuacha nailoni ya kiwandani juu ya viti miaka kumi, wakijikalia kwenye joto wao na ngozi yao isiyoguswa. Nimewahi kuletewa gari ambalo nailoni yake imeshikana na kiti, na mwenyewe anataka ngozi ibadilishwe kisha nimshonee nailoni mpya. Nilimshonea. Mteja ana haki ya ujinga wake, mradi asiniombe niukubali.

Makosa yangu mwenyewe hamkuniuliza, lakini nitawapa moja. Siku iliyofuata harusi ya binamu yangu niliingia kazini na hina mbichi, mikono bado ina mafuta ya karafuu, na gari lililokuwa mezani lilikuwa na ngozi ya rangi ya maziwa. Joto lilikuwa kali, kiganja kikatoka jasho. Nilipounyanyua mkono, vidole vyangu vitano vilibaki pale, rangi ya chungwa, vizuri kabisa kama vimechorwa. Fundi Hamdan alikata ngozi nyingine, na ile yenye vidole akaipigilia misumari ukutani mbele ya cherehani yangu. Wageni wakiuliza, alikuwa akiwajibu kwamba ni muhuri wa gereji.

Vifaa vyangu mmevirithi, kwa hiyo niwape na masharti yake. Sindano ya kupinda isikae na sindano zilizonyooka. Koleo la kubania vipete, vile vya waya vinavyoshika ngozi kwenye fremu, msilifungulie soda, nawajua. Chaki iwe nyeupe tu, kwani ya rangi hubaki. Kitambaa cha zamani kisitupwe mpaka mwenye gari aondoke na gari lake, maana ndicho ramani. Na sharti kubwa la Fundi Hamdan lilikuwa hili: kabla hujakata ngozi, mkalishe mwenye gari. Alikuwa akiiweka fremu tupu sakafuni, anampandisha mteja juu yake, waziri au mvuvi, kisha anarudi nyuma na kumtazama. Huyu anaegemea kushoto. Huyu anakunja mguu. Huyu anaweka kiwiko dirishani, basi pale pamba iwe nene. Alisema gari ni la kiwanda mpaka mtu akae, na akishakaa, naomba radhi, ni la makalio yake. Alipofariki nikalishika sharti hilo miaka mingi, na nikalivunja mara moja tu.

Miaka michache kabla sijastaafu alikuja kijana mmoja wa Madinat Sultan Qaboos, jina lake Khalfan, na gari la Kimarekani juu ya lori. Lilikuwa la milango minne, rangi ya krimu, vumbi la kutosha kulimia bamia. Lilikuwa la baba yake, Bwana Nassor, aliyelinunua katika ujana wake na kuliendesha mpaka macho yalipomkataa. Presha ya macho ilimchukua jicho moja, kisha la pili. Wakati huo haukuwa umepita muda mrefu tangu afiwe na mkewe, Bi Zamzam. Na tangu giza lilipotimia, mzee hakuvuka geti la nyumba yake kwa miaka miwili. Alisali ndani, alinyolewa ndani, na daktari aliitwa nyumbani. Walipotaka kumpakia kwenye gari jipya la Khalfan, jibu lake lilikuwa hilo hilo, kwamba nyumba hii atatoka kwa gari yake au kwa jeneza.

Khalfan alinisimulia haya akicheka, halafu akaacha kucheka.

“Bi Raya, mzee anakauka,” akaniambia. “Namuona hivi hivi anakauka. Ifanye gari hii kama siku aliyoinunua, labda atatoka.”

Hapo ndipo nilipotakiwa nichukue futi yangu na fremu ya kiti, niende mimi kwa mzee. Sikwenda. Nilijipa sababu kwamba mtu haoni na hatoki nyumbani, nitamkalisha vipi. Ukweli ni mwingine. Khalfan alikuja na kijitabu cha picha cha gari lile lilipokuwa jipya, na mimi, baada ya miaka yote ya kurekebisha viti vya watu kwa migongo yao, nilitamani mara moja maishani nitengeneze kiti kama kilivyochorwa. Nilitaka kujionesha. Basi nikaifuata picha.

Miezi minne tulilishughulikia. Springi tulizifunga upya, pamba nikaichambua mwenyewe, ngozi nikaikata mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa na kovu la mbung'o. Vifungo vyote nilivivika kwa mkono. Kitu kilichotutesa ni buti. Kila Ijumaa baada ya sala Bwana Nassor alikuwa na mazoea ya kwenda Qurayyat kununua samaki kwa wavuvi wenyewe, na samaki hao walirudi Maskati ndani ya buti la gari la kifahari, miaka thelathini. Khalfan alituomba radhi kwa ile harufu kana kwamba ni ndugu yake mlevi. Tuliosha kwa siki, kwa ndimu, kwa sabuni, tukalianika zulia juani wiki mbili, hata likakubali. Na siku ya kumaliza tukafanya kama ilivyokuwa desturi ya gereji yetu: madirisha yakafungwa, chetezo kikawekwa juu ya sinia sakafuni mwa gari, udi ukafukizwa nusu saa. Fundi Hamdan ndiye aliyeanzisha, akisema mgeni hatoki nyumba ya watu hivi hivi.

Khalfan alilichukua mwenyewe, furaha imemjaa. Haikufika alasiri akanipigia simu. Alinieleza kwamba mzee alikubali kutoka mpaka barazani. Mlango wa gari ulipofunguliwa, akasimama, akanusa, akasema, “Mmeniletea gari ya bibi harusi.” Akageuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani kwake, akafunga mlango. Khalfan hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nilikuwa nimeletewa kazi moja, kumtoa mtu ndani, na mimi nimemzidishia kufuli.

Asubuhi yake niliingia kwenye kigari changu kidogo nikaenda. Alinifungulia Neema, msichana wa Tanga anayefanya kazi pale, akaninong'oneza kwamba mzee hajagusa chai. Nilimkuta amekaa kitandani, kanzu safi, redio imezimwa.

“Nashikamoo, Bwana Nassor.”

“Marahaba. Wa nani wewe?”

Mnajua wazee wetu, jina lako halina kazi mpaka wajue umetokana na nani. Nikamtajia baba, nikamtajia bibi, nikamtajia mtaa wetu wa Unguja, na haikuchukua muda akagundua kwamba shangazi wa mama yangu alikuwa ukuta mmoja na kina Bi Zamzam kule Malindi ya Unguja. Kuanzia hapo sikuwa fundi tena, nilikuwa mtoto wa watu, na mtoto wa watu unaweza kumgombeza. Akanigombeza. Akanambia gari inanuka kama chumba cha ndani cha maharusi, na kwamba mwanawe amemlipa mtu aifute Qurayyat yake yote. Mie nilisikiliza. Alipomaliza nikamwambia sikuja kumbembeleza apande. Nimekuja kwa sababu nimeambiwa kazi yangu ina kosa, na nataka anioneshe kosa lenyewe kwa mkono wake, nisije nikamfanyia mtu mwengine.

Mtu anayekataa kusaidiwa si lazima akatae kusaidia, hilo nimelijua kwa kuwa na mama wa aina hiyo. Mwisho akainuka, akamwita Khalfan amshike mkono, akasema anakwenda uani tu, kumsomesha huyu binti wa Malindi.

Gari lilikuwa limesimama karibu na ngazi. Aliweka kiganja kwenye boneti, akalifuata taratibu mpaka kwenye kioo, kutoka kioo mpaka mlangoni, midomo inachezacheza. Akamwambia Khalfan afungue mlango na aufunge. Tena. Mara ya tatu akainamisha kichwa.

“Mlango ndio wenyewe,” akasema.

Pale pale nilitaka kulia kwa furaha, lakini nikaogopa kuwahi. Mlango ulio karibu nasi ulikuwa wa kulia, upande wa abiria, maana magari haya usukani wake uko kushoto. Aliinama akapapasa kiti. Ngozi aliipita, vifungo vyangu nilivyovivika kwa mkono akavipita kama havipo. Kidole chake kilikwenda kwenye mshono wa mbele, pale kiti kinapopinda kushuka, kikautambaa taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikarudi. Kikaenda tena.

“Pini ziko wapi?”

Khalfan akanitazama. Yeye hakuwa na habari ya pini yoyote. Mimi nilikuwa nayo. Sikuwatajia hapo juu kwa sababu siku ile halikuwa jambo la kutaja: nilipokivunja kiti nilikuta pini tatu nne zimechomwa kwenye ule mshono, zimeota kutu, nikazitoa kama anavyofanya mshonaji yeyote, maana pini na ngozi hazikai nyumba moja. Nikazitumbukiza kwenye kopo la gereji pamoja na mamia ya wenzake. Hakuna wa kuzijua tena.

“Nimezitoa mie, Bwana Nassor,” nikamwambia. “Sikujua za nani.”

Hakukasirika. Alitueleza akiwa bado ameinama, mkono juu ya kiti. Bi Zamzam alikuwa hastahamili pini chini ya kidevu. Wakishavuka geti na kiyoyozi kikaanza kupuliza, alikuwa akizichomoa kwenye mtandio wake moja moja na kuzichoma pale kwenye mshono, na wakikaribia kufika anazirudisha. Kila mara husahau moja au mbili. Wakisimama kwenye taa nyekundu ya mwisho Bwana Nassor hupitisha kidole bila ya kutazama, na humwambia, leo umesahau mbili, utaingia kwa watu kichwa wazi. Miaka yote hiyo. Na alipokwisha kuzikwa, alisema Bwana Nassor, ile miezi michache aliyoendesha peke yake macho hayajamwisha, mkono ulikwenda wenyewe kila kwenye taa. Zilizobaki hakuzichomoa.

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Khalfan alikuwa ameutazama ukuta. Mikono yangu ikaanza kazi yenyewe. Nikaushika mtandio wangu kidevuni kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikachomoa pini zangu, tatu.

“Nna pini zangu hapa,” nikasema. “Si zake.”

“Najua si zake,” akasema. “Zitie.”

Akaweka kidole kwenye mshono, nikaichoma ya kwanza ubavuni mwa kidole chake. Akaipapasa. “Mbele kidogo,” akasema. “Alikuwa mfupi wa mkono.” Nikaichomoa nikaisogeza. Mimi ninayewatolea macho mkiacha pini hata mezani, nilitoboa ngozi mpya mara nne kwa pini tatu, na tundu la ngozi, mnajua, halizibiki. Tatu zilipokaa alizipitia kidole mara moja, akajinyoosha.

Tukangoja. Khalfan akasema polepole, “Panda, Baba.”

Mzee hakusogea. “Hapa pa mama yako,” akasema.

Khalfan akafungua mlango wa nyuma. Mzee akausikia, akatikisa kichwa, nyuma wanakaa wageni. Kwenye usukani hawezi. Basi tukasimama juani watu watatu mbele ya gari kubwa kuliko sebule za watu, na halina pa kumweka mwenyewe. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba siku zote hizo hakuna aliyemuuliza atakaa wapi. Wanawe walimuuliza kama atapanda. Mimi hata hilo sikuuliza. Udi angeusamehe, harufu ingeondoka kwa wiki moja. Alichokuwa akikiogopa ni kile kiti kimoja, kwamba akikikalia yeye, Bi Zamzam atakuwa ameondoka hata garini.

Nikalitazama gari lile kama Fundi Hamdan alivyonifundisha kutazama, kuanzia mtu na sio kuanzia ngozi.

“Bwana Nassor,” nikamwambia, “kiti hiki ni kimoja, mlango mpaka mlango. Gia ipo kwenye usukani, haikukata kati. Waliokitengeneza walikusudia watu watatu.”

Alifikiri. “Katikati anakaa mtoto,” akasema.

“Mtoto leo ndiye anaendesha.”

Akatoa pumzi puani, na nadhani ilikuwa kicheko. Kisha akaunyoosha mkono hewani, na Khalfan akaudaka. Wakazunguka boneti lote lile mpaka mlango wa dereva. Mzee akaingia kwanza, akasota juu ya ngozi, na mimi, Mungu anisamehe, katika saa kama ile nilikuwa nikizisikiliza nyuzi zangu kama zitalia. Hazikulia. Akakaa katikati, mguu mmoja huku na mmoja kule wa kile kigongo cha sakafuni, magoti juu, kofia karibu inagusa dari. Khalfan akaingia baada yake kwenye usukani, wakabanana bega kwa bega. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umeshakwenda kwenye mshono.

Nikaufunga mlango wa upande wa Bi Zamzam. Ulitoa ile sauti yake.

Khalfan akawasha, akauliza waende wapi. Kioo kilikuwa wazi, nikalisikia jibu.

“Toka kwanza,” akasema baba yake.

Geti likafunguka, pua ikatoka, sehemu ya gari iliyobaki ikafuata polepole nyuma ya pua. Neema alikuja mbio kutoka ndani na makubadhi ya mzee mkononi, ameyapangusa vumbi la miaka miwili.

“Mama, katoka na ndara za msalani,” akaniambia. “Niwapigie simu warudi?”

Niliyapokea makubadhi kwa mkono mmoja, wa pili umekamata mtandio kidevuni, maana pini zangu zimekwenda nao. Nikamwambia awaache. Lile gari lilikuwa limefika mwisho wa barabara. Likawasha taa ya kushoto, likangoja njia iwe tupu, likaenda.